Gari la marehemu baba linatembea mara moja kwa mwezi, betri ya pili imekufa. Ninunue ipi?

Binti wa Baruti

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa tena hela kwa kitu nisichokielewa.

Nina Toyota Carina TI aliyoniachia marehemu baba. Naishi Kimara Baruti, Dar es Salaam, kazini kwangu ni Posta, na kila siku napanda basi la mwendokasi. Nikitoka na gari asubuhi nachelewa, na mjini pa kuegesha ni hela. Kwa hiyo gari linashinda chini ya mwembe hapa nyumbani. Safari yake ya uhakika ni moja kwa mwezi, Alhamisi ya kliniki, ninapompeleka mama Muhimbili. Magoti yake hayamruhusu tena kupanda na kushuka kwenye basi. Ndiyo maana sijaliuza, na sitaliuza.

Baba alikuwa analiendesha kila siku kwenda Buguruni, na betri moja ilidumu naye miaka minne. Tangu liwe mikononi mwangu zimekufa mbili. Ya kwanza ilikaa miezi 14. Ya pili niliinunua duka moja Kariakoo kwa laki moja na themanini, imeisha ndani ya miezi 11. Haikufa kwa siku moja. Karibu kila mwezi jirani alikuwa ananibusti kwa nyaya zake, na mara mbili niliipeleka kuchajiwa kwa kijana mmoja wa kando ya barabara.

Alhamisi iliyopita niligeuza ufunguo nikasikia tk-tk-tk, taa za dashibodi zikafifia, basi. Jirani alikuwa safarini. Gari ni otomatiki, kwa hiyo hata la kusukuma halikuwepo. Mama alishakaa kiti cha mbele na bahasha yake ya vipimo mapajani. Tukachukua bajaji, na alifika amechoka kiasi kwamba presha waliipima mara tatu.

Nilipoirudisha dukani na karatasi ya waranti, muuzaji alisema betri haina kosa, kosa ni gari kutotembea. Akanishauri niongeze hela nichukue betri ya saizi ya N70, eti kubwa haifi haraka. Iliyomo sasa imeandikwa 46B24L, na pembeni NS60L.

Naomba kuelewa. Nichukue hiyo N70? Kavu au ya maji? Na niitunzeje? Kila Jumapili nikitoka kanisani huwa naliwasha dakika kumi likiwa limesimama, nikidhani ndiyo matunzo yenyewe.

---

Kijana wa Sinza

Pole sana dada, na pole kwa mama. Mimi ningechukua N70 nimalize kazi. Noah yangu ina kubwa na mwaka wa pili huu sijabusti hata mara moja. Na ukiitoa betri usiiweke sakafuni, weka juu ya ubao. Saruji inanyonya chaji.

---

Mzee wa Altaneta

Binti, pole. Nimefanya umeme wa magari mtaa wa Gerezani, Kariakoo, miaka 26, macho yaliponisumbua nikawaachia vijana. Nitaandika kirefu maana jambo lako nimeliona mara nyingi sana, na watu wengi wananunua betri tatu kabla ya kuuliza ulichouliza wewe.

Usinunue betri yoyote wiki hii. Kwanza tafuta nani anakula umeme gari likiwa limezimwa.

Gari likilala halilali lote. Saa, kompyuta ya injini, kumbukumbu ya redio, alamu kama ipo, vyote vinakunywa kidogo kidogo. Gari zima linatakiwa linywe kati ya miliampea 20 na 50. Chukua 50. Kwa saa 24 ni 1.2 Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri), kwa siku 30 ni 36 Ah. Betri yako ya NS60 ina 45 Ah hivi. Yaani hata gari lisilo na ugonjwa wowote, likikaa mwezi bila kutembea, linabakiza 9 Ah, na kwa hiyo stata, mota inayowasha injini, haizunguki. Baba yako hakuliona tatizo hili kwa sababu kila jioni altaneta, mtambo unaochaji betri injini ikizunguka, ilikuwa imesharudisha kilicholiwa usiku.

Sasa dakika kumi za Jumapili. Najua unazifanya kwa moyo safi, lakini haziisaidii betri. Stata yenyewe haili sana, inavuta ampea nyingi ila kwa sekunde mbili tatu tu. Shida ni kwamba injini ikiwa kwenye sailensa, yaani imewaka bila kukanyagwa mafuta, altaneta inazunguka polepole, na kidogo inachotoa kinagawanywa na feni, redio na kompyuta. Betri iliyopungua inahitaji masaa, siyo dakika, na sehemu ya mwisho ya kujaa ndiyo inayoingia taratibu kuliko zote. Juu ya hilo, injini isiyopata moto wa kutosha inaacha unyevu ndani ya ekzosi na kwenye oili. Ukitaka kuliwasha, liendeshe. Jumapili asubuhi barabara ya Morogoro ikiwa nyeupe, nenda mpaka Maili Moja, Kibaha, urudi. Hiyo inaingia kwenye betri. Kukaa kwenye foleni ya Ubungo saa nzima na AC imewaka siyo kuchaji.

Kinachoua betri ni nini hasa? Ndani kuna bamba za risasi kwenye asidi. Betri ikitoa umeme, utando wa salfeti unajengeka juu ya bamba. Ukiichaji mapema, utando unarudi kwenye asidi kama ulivyotoka. Ukiiacha wiki mbili tatu ikiwa nusu, utando unageuka fuwele ngumu, na hizo hazirudi. Sehemu hiyo ya bamba umeshaipoteza. Kila mwezi jirani alipokubusti, gari liliwaka, mkashukuru, lakini betri ilikuwa imeshakatwa kipande. Ya pili haikuwa mbovu ilipotoka dukani, kwa nijuavyo mimi. Iliishi na njaa miezi 11. Na joto letu linaongeza: betri hata ikikaa peke yake rafuni inapoteza chaji, na joto likipanda nyuzi 10 upotevu huo unakaribia kuwa maradufu. Huo mwembe wako ni mzuri, usiliondoe gari hapo.

Kuhusu kijana wa kando ya barabara, sina ugomvi naye, lakini wengi wao wanasukuma ampea 30 au 40 ili mteja aondoke ndani ya saa moja. Betri inachemka, maji yanapungua, bamba zinapinda. Betri ya 45 Ah inataka ampea 4 au 5, ilale usiku kucha.

Kijana wangu wa Sinza, usichukie nikisema hili. Noah yako inatembea, ndiyo maana ina afya. Na sakafu hainyonyi chaji. Maneno hayo ni ya zamani, betri zilipokuwa na masanduku ya mbao na mpira. Plastiki ya leo haipitishi kitu. Inayokaa sakafuni inaisha kwa sababu imekaa, na ya juu ya ubao itaisha siku ileile.

N70 sasa. Soma hiyo 46B24L. Namba 46 ni daraja la nguvu, B ni umbo la upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, L ni upande ilipo chanya. N70 ina urefu wa sentimita 30 na kitu, kwenye kitako cha Carina haikai. Utaona fundi anakunja chuma na kufunga kwa mpira wa tyubu, na siku moja kwenye tuta kichwa cha betri kinagusa boneti. Nimeshazima moto wa namna hiyo kwa mchanga. Halafu hata ikikaa, imekununulia siku tu. Anayekula umeme yupo palepale.

Kwa hiyo baki kwenye saizi yako na herufi yako. Ukipewa R, waya wa chanya hautafika, na fundi mwenye haraka ataunga. Angalia pia unene wa vichwa, hizi B24 zipo za vichwa vyembamba na vinene. Vichwa vinene huwa vinaandikwa LS.

Kavu au maji: kwa gari linalokaa, nakushauri kavu, zile zilizofungwa za kalsiamu. Zinajipotezea chaji polepole zaidi na hazipotezi maji haraka. Ya maji ni nzuri kwa mtu anayefungua vifuniko kila mwezi, naye awe anatia maji ya betri safi, siyo asidi na siyo ya bomba. Usikubali kuuziwa betri ya sola. Ile imetengenezwa kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu, stata inataka mkupuo. AGM, zile ambazo asidi yake imenyonywa kwenye mkeka, ni nzuri lakini bei yake kwa Carina sioni sababu. Na muuzaji akikusifia CCA kubwa, yaani nguvu ya kuwasha injini kwenye baridi, ujue kipimo hicho kinafanywa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Wewe unaegesha Kimara.

Dukani nenda na mita yako ya umeme. Za kidijitali za bei ndogo zinatosha. Betri mpya iliyokaa bila mzigo isome volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.4 ujue imeshashuka mpaka robo tatu, imekaa rafuni muda mrefu. Ikisoma 12.2 ni nusu, usiipokee hata kwa punguzo. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, huwa imegongwa au imebandikwa. Lile jicho la kijani juu ya betri, la kuonyesha chaji, lisikutulize: linaangalia chumba kimoja kati ya sita.

Tafuta fundi umeme akupimie unywaji wa gari likiwa limezimwa. Mita inakaa kati ya kichwa cha hasi na waya wake, kwenye tundu la ampea 10. Milango imefungwa, ufunguo umetoka, msubiri angalau nusu saa ili vifaa vilale. Asijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, itaungua. Kisha anatoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Fyuzi iliyoshusha namba ndiyo yenye mgeni wenu. Ukishapata namba, iandike hapa.

---

Baharia wa Kigamboni

Dada, Mzee amesema mengi, naongeza la kwangu tu. Mimi nakuwa majini miezi mitatu mitatu, gari linabaki Kigamboni karibu na ufukwe. Nikiondoka nachukua spana namba 10, natoa waya wa hasi, naufunga kitambaa usirudi kugusa. Hasi kwanza siku zote. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zake utazikumbuka. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Saa itapotea, redio itasahau stesheni, na sailensa inaweza kuyumba siku ya kwanza. Kama mlango unafungwa kwa rimoti tu, hakikisha ufunguo wa kawaida unafungua. Mimi nilishakwama nje ya gari langu mwenyewe saa tano usiku, natoka pantoni.

Hewa ya chumvi inatuletea unga mweupe na wa kijani kwenye vichwa. Kimara hamna bahari lakini angalia. Kijiko cha magadi kwenye maji ya moto, mswaki wa zamani, suuza, kausha, paka mafuta ya mgando. Unga ule unazuia umeme kuingia na kutoka, na unaweza kuilaumu betri isiyo na kosa.

Kama gari lingekaa juani ningekwambia uchukue paneli ndogo ya wati 10 na kidhibiti chake, kwa jua letu inarudisha kama 2 Ah kwa siku na zaidi. Chini ya mwembe haifai.

---

Binti wa Baruti

Shikamoo Mzee wa Altaneta. Kaka Baharia, ahsante sana. Nimekaa kimya siku tisa kwa sababu nilitaka nirudi na namba.

Fundi alikuja nyumbani Jumamosi. Tuliazima betri ya jirani ili kupima. Baada ya nusu saa mita ilisoma ampea 0.09. Nikapiga hesabu kama ulivyonifundisha: 2.16 Ah kwa siku, zaidi ya 15 kwa wiki. Yaani kila Jumapili nilikuwa nalikuta gari limeshakula theluthi ya betri, nami nikilirudishia dakika kumi.

Fyuzi zilitolewa moja moja. Ilipotoka ya redio, namba ikashuka mpaka 0.03. Hiyo redio baba aliifungisha mwenyewe, ilikuwa ya kusikilizia mpira akitoka Buguruni. Waya wake ulipelekwa moja kwa moja kwenye betri, haupiti kwenye swichi ya ufunguo, kwa hiyo hata ikizimwa inabaki nusu macho. Fundi alitaka kuing'oa. Nikamwomba asiing'oe. Alihamishia waya mkubwa kwenye swichi, akabakiza mwembamba wa kumbukumbu. Tukapima tena: 0.03. 

Jumatatu nilienda kununua na mita mkobani. Duka la kwanza waliniletea yenye vumbi, ikasoma 12.3. Kijana akasema zote huwa hivyo. Nikatoka. Duka la tatu nilipata kavu ya 46B24L, 12.68, ya miezi miwili iliyopita. Laki moja na tisini na tano. Nimenunua pia chaja ya ampea 4 yenye kujikata yenyewe.

Naomba kuuliza mawili ya mwisho. Kwa 0.03, bado nitoe waya wa hasi au niache? Na betri ya zamani, pana mtu amepita akataka kuinunua kwa kilo, lakini anasema kwanza nimwage maji ya ndani ili ajue uzito wa kweli.

---

Mzee wa Altaneta

Marahaba mwanangu. Hiyo 0.09 nilikuwa naiona kama nimesimama hapo. Na umefanya vema kuiacha redio.

Kwa 0.03 unakula 0.72 kwa siku, kama 22 kwa mwezi. Ni nusu ya betri yako. Gari litawaka, lakini nusu ndiyo pale fuwele zinapoanza, kwa hiyo usiiache ifike. Una njia mbili na zote ni nzuri. Ya kwanza, toa hasi ukirudi kutoka kliniki, irudishe Jumatano jioni kabla ya Alhamisi, na upime. Ya pili, iache imefungwa, na kila baada ya wiki mbili vuta waya wa umeme mpaka mwembeni, chaja ilale humo usiku mmoja. Boneti iwe wazi kidogo, asipite mtu na sigara, maana betri ikichajiwa inatoa hewa inayowaka. Kwa umri wa mama na umuhimu wa siku yenyewe, mimi ningefanya zote: hasi imetoka, na chaja mara moja kwa mwezi, Jumanne ya wiki ya kliniki. Jumanne ili ukikuta tatizo uwe na siku nzima ya kulitatua.

Namba zako za kukumbuka: limelala usiku mzima, 12.6 imejaa. Ukiona 12.4 chaji. Injini ikiwa inanguruma, kwenye vichwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo altaneta yako ndiyo mgonjwa, ikizidi 15 inaikaanga betri. Umeipima? Sijaona umeandika.

Maji ya betri ya zamani usiyamwage, mwanangu. Ile ni asidi yenye risasi. Ikiingia ardhini hapo kwenye mwembe na kisima cha jirani, hairudi. Huyo anayetaka umwage anataka kazi chafu uifanye wewe. Irudishe nzima, imesimama wima, kwenye duka linalopokea chakavu. Mengi yanapokea, na baadhi yanakupunguzia bei ukinunua mpya, ila sasa umeshanunua, watakulipa kwa kilo. Ukiibeba, vaa nguo usiyoipenda.

---

Binti wa Baruti

Nimetoka kupima sasa hivi, taa zimewaka na feni imewaka: 14.2.

Ya zamani nimeifunga kwenye beseni la plastiki, naipeleka Jumamosi ikiwa na maji yake. Huyo mtu nimemkatalia.

Kliniki ni Alhamisi ya wiki ijayo. Jumanne naweka chaja. Mama ameniuliza kwa nini nakaa na boneti wazi usiku, nikamweleza, akaniambia nimwonyeshe ile mita. Nimemwekea miwani, ameisoma mwenyewe: kumi na mbili nukta sita tano.